Antena Niliyoishusha

Kibondo, Jumapili alasiri

Yusta mwanangu,

Barua hii utaikuta ndani ya mkoba wa vifaa, chini ya koleo la kubania waya, mahali ambapo najua mama yako hawezi kupekua. Ningeiweka kwenye begi la nguo ingezikwa na unga, maharage, sufuria mbili na lile blanketi zito, kana kwamba Kasulu siku hizi kunaanguka barafu, na usingeiona mpaka Krismasi.

Wewe sasa hivi uko Kitahana unawaaga wanakwaya wenzako. Mama yako anafunga mzigo kwa mara ya tatu. Mimi nimekaa kibandani kwangu mbele ya nyumba, katikati ya madishi yaliyopinda na ile televisheni ambayo mwenyewe alisema anairudia kesho yake, na hiyo kesho haijafika tangu masika. Jua bado liko juu ya mikaratusi. Nimefunga nusu ya mlango ili watu wadhani nimetoka. Wameshanigongea wawili na nimenyamaza kama mwizi.

Sitakuelekeza namna ya kuishi. Kazi hiyo mama yako ameianza Alhamisi na hajaimaliza. Kuhusu ufundi nako sina la kukufundisha, maana tangu goti langu liharibike wewe ndiye unayepanda ngazi, na unaliweka dishi kwenye pembe yake kwa jicho tu wakati mimi bado nasaka miwani. Yule mwenye duka aliyekuajiri aliponiuliza kwenye simu kama kweli mtoto wa kike anaweza kutembea juu ya bati, nilicheka mpaka akadhani simu imekatika. Kwa hiyo nakuandikia mambo mengine, yale niliyoyakosea. Moja kati ya hayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote mpaka leo mchana, na nitalifikia. Nivumilie, unajua siwezi kwenda moja kwa moja.

Kwanza nikushukuru. Ulikuwa darasa la tatu nilipoanza kukutumia mlangoni. Unakumbuka? Siku zile antena yetu ilikuwa juu ya mlingoti wa mkaratusi nyuma ya jiko, na upepo ukivuma usiku, asubuhi picha yote ni chenga tupu. Mimi nazungusha mlingoti huko nyuma, Bibi yako yuko ndani anaangalia kioo, na katikati, kwenye mlango wa uani, unasimama wewe na sare yako ya shule. Bibi anasema kwa sauti yake ndogo, wewe unapokea na kunipigia kelele: "Bado! Bado baba! Umepita! Rudi kidogo! Hapo hapo, usiguse!" Mtaa mzima ulikuwa unajua kwa fundi kunatafutwa picha. Na mimi, nikiwa nimekumbatia mti ule, jasho linanichuruzika, nilikuwa mtu mwenye furaha sana, ila sikuwa na habari kwamba ile ndiyo furaha.

Baadaye nikaanza kwenda nawe kwa wateja. Watu waliniuliza kwa nini natembea na mtoto wa kike kwenye kazi ya mabati na waya, nikawajibu kwamba sauti yako inafika juu kuliko ya vijana wote wa Kibondo. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Nilipenda tu kuwa na wewe. Asante kwa kuja, hata zile siku za mvua ambazo wenzako walikuwa wamejikunyata jikoni wanakula mahindi ya kuchoma.

Huko Kasulu utaingia kwenye nyumba nyingi, na kila nyumba watakuuliza swali lile lile tunaloulizwa hapa kila siku: tufunge dishi, au tubaki na antena, au tuachane na vyote tuangalie kwenye simu kwa bando? Nimelijibu swali hilo kwa miaka mingi, na kwa miaka mingi nimelijibu vibaya. Nilikuwa nafika kwa mtu, na kabla sijapiga hodi vizuri, macho yangu yameshapanda kwenye paa. Naangalia bati limechoka kiasi gani, mti gani unaziba, ukuta upi utabeba dishi. Kisha namuuliza baba mwenye nyumba anataka nini. Baba anasema mpira. Nafunga dishi, napewa soda, naondoka. Nilijiona fundi kamili.

Nikupe mfano mmoja unaonitia aibu mpaka leo, nao ulitokea kabla hujaanza kunifuata. Kule Muyama kuna mwalimu mmoja aliniita nimfungie dishi. Upande ule ambao dishi lilitakiwa kutazama palikuwa na mparachichi, mti mkubwa kweli, umebeba matunda. Mwalimu akaniuliza, "Sasa fundi, tunafanyaje?" Nami bila kufikiri hata muda wa kumeza mate nikamwambia ukate. Wakaukata siku hiyo hiyo. Mke wake alikuwa amesimama na sinia la chai mkononi, akaliweka sinia chini na kuingia ndani. Nilikuja kusikia kwamba mti ule aliupanda yeye mwenyewe mwaka alioolewa, na watoto wake wote walilishwa parachichi lake walipoanza kuachishwa ziwa. Nilipita tena pale mwaka juzi kurekebisha waya. Dishi limeota kutu, king'amuzi kimefunikwa kitambaa, na wote sita wameinamia simu ya mtoto wao mkubwa. Kisiki kipo palepale uani, yule mama anakikalia akichambua mboga. Alinikaribisha vizuri sana. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Ningeweza kulisogeza dishi nyuma ya nyumba, Yusta. Ilikuwa ni waya mrefu zaidi tu na saa moja zaidi ya kazi. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari.

Sasa nije kwa Bibi yako, maana ndiko barua hii inakokwenda na mimi nazunguka zunguka.

Unajua Bibi alivuka mpaka akiwa msichana, mguu kwa mguu, kutoka Burundi. Mimi nilizaliwa huku, nimesoma huku, nimempata mama yako huku, na karatasi zetu za uraia ziko kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro la Bibi, anazilinda kuliko nguo zake. Kiswahili chake unakijua, anakisema kama mtu anayetembea na kiatu cha mwenzake. Kiha cha majirani anakielewa kwa kuwa ni ndugu na Kirundi chake. Ila Kirundi chenyewe, kile cha kwao, kilikuwa kinaingia nyumbani kwetu kupitia mahali pamoja tu, napo ni kwenye ile antena. Mlingoti ukielekezwa mpakani, jioni ikiwa kavu, tulikuwa tunaipata stesheni ya ng'ambo. Picha ilikuwa chenga na vivuli vya watu, lakini sauti ilikuwa safi. Bibi alikaa kwenye kiti chake cha ukindu katikati ya sebule, na msomaji wa habari akitaja mlima, maana kwao kila kijiji huitwa kwa mlima wake, yeye anautaja nyuma yake taratibu, akitaja mwingine anautaja na huo, kama mtu anayeitika majina darasani. Wewe ulikuwa unakaa kwenye mkeka kushoto kwake na kumwiga. Kirundi chako chote ulikipata hapo.

Kisha nikaishusha.

Unakumbuka nilichowaambia. Niliwaambia picha mbaya inaniharibia kazi, kwamba fundi gani anayeuza madishi huku kwake kuna chenga. Mama yako alifurahi, wewe ulifurahi, ukashangaa rangi za nguo za watangazaji. Bibi akasema, "Urakoze, mwana wanje." Akanishukuru! Wote mkaamini, na mimi mwenyewe baada ya muda nikaanza kuamini. Haikuwa kweli, mwanangu. Au ilikuwa kweli kama robo.

Kilichotokea ni hiki. Wiki ile nilikuwa juu ya ngazi nakaza mlingoti, akapita Mzee Zebedayo, huyu jirani yetu wa mashine ya kusaga. Alikuwa na watu wawili wametoka kupeleka mahindi. Akasimama, akatazama juu, akasema kwa sauti yake ile ya kusikika hadi hospitali, "Aisee fundi! Antena za watu wote zinaangalia Kasulu, ya kwako inaangalia kwenu!" Wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Nikasema, "Aa, upepo tu huo mzee, umezungusha," nikashika mlingoti nikaugeuza mbele ya macho yao.

Alikuwa anatania. Unamjua, hana ubaya, ndiye aliyembeba Bibi mgongoni siku alipoteleza kisimani. Lakini neno lile liliniingia. Nilianza kutembea mjini nikiangalia antena za watu, na ni kweli, mtu akisimama barabarani anaweza kusoma nyumba ipi inasikiliza wapi. Nikaona kama juu ya paa langu kuna kibao kimeandikwa. Nikakumbuka shuleni nilivyokuwa naitwa mkimbizi, nikakumbuka mtu mmoja ofisini aliyerudia kuuliza jina la babu yangu mara tatu. Jumamosi yake nikaushusha mti ule na kufunga dishi. Dishi lina uzuri wake, linatazama juu mbinguni, na dishi la kila mtu linatazama huko huko. Hakuna anayeweza kukuuliza.

Nilimnyang'anya mama yangu lugha yake ili jirani asinicheke. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili na kuikata, sasa naiacha.

Na Bibi hakulalamika hata siku moja. Alianza tu kusogeza kiti chake. Mwezi wa kwanza kilikuwa katikati, halafu kikasogea ukutani, halafu karibu na mlango wa uani, mpaka ikawa yeye anachambua maharage nje na sisi tuko ndani na chaneli zetu nyingi, tunagombania rimoti. Nilimwuliza siku moja, "Mama, mbona huangalii? Picha si nzuri?" Akasema, "Picha ni nzuri, mwana wanje. Ila watu wake hawaongei na mimi." Nikacheka, nikadhani ni utani wa wazee. Ndiyo akili ya baba yako, mtu anayelipwa kutafuta kwa nini sauti haifiki.

Miaka ikapita hivyo. Kisha ikaja ile safari ya upande wa Nyarugusu, kwa yule kinyozi Mkongomani, Papa Yosua. Nilikwenda nikijua nitamuuzia dishi. Nilikuwa nimeshalibeba kwenye pikipiki na wewe umelikumbatia njia nzima. Yeye alitaka tu tumtengenezee waya wa taa. Nilivyoanza hotuba yangu ya chaneli na vifurushi, akanikatiza kwa upole: "Fundi, miye sitaki parabole. Ile televizyo yako iko na batu bengi, lakini bangu hapana. Batu bangu beko humu mu telefone." Akatuonyesha kile kisimu chenye ufa, ibada ya kanisa la kwao, wanaimba, naye akawa anaimba nao huku anamnyoa mteja. Mimi nilirudi nimenuna kwa kuwa dishi halikuuzika. Wewe ulikaa kimya njia nzima. Nilidhani umechoka.

Hukuwa umechoka. Wiki mbili baadaye mvua ilinikatisha kazi nikarudi mapema, na nikiwa bado uani navua viatu vya matope nikasikia sauti ambayo nilikuwa sijaisikia miaka mingi. Mama yangu anacheka. Siyo kile kicheko chake cha kumwitikia mgeni, kile cha tumboni. Nikachungulia. Mlikuwa mmekaa kwenye kitanda chake, simu yako mmeiegemeza kwenye kikombe, kuna mwanamke humo anasimulia jambo kwa Kirundi, na Bibi anamjibu. Anamjibu, anaitikia ndiyo kwa nguvu! "Ego! Ego da!" Na wewe umeweka kichwa begani kwake. Nilirudi mvuani taratibu, nikakaa kwenye banda la mbuzi mpaka nikaona naweza kuingia bila uso wangu kunisaliti. Mlidhani nimelowa njiani.

Sikukwambia kitu. Nilijifanya sijui ni kwa nini bando lako linaisha upesi. Nikawa nakuongezea na kukugombeza kwamba unaangalia vichekesho. Hukujitetea, hukuniambia, "Baba, wewe ndiye uliyeishusha." Ungeweza kusema. Una ulimi, umerithi kwa mama yako. Kwa mwaka mzima na zaidi umekuwa ukilipa deni langu kwa mama yangu, kila jioni, na hukuwahi kunionyesha kwa jicho. Nakushukuru, Yusta. Natafuta neno kubwa zaidi ya hilo na sina, kwa hiyo nalirudia lile la Bibi. Urakoze.

Halafu ukapata kazi. Nyumba nzima ilirukaruka, na mimi nilikuwa wa kwanza. Ni juzi tu, Ijumaa, nilipomuona Bibi anakifuta kile kikombe mnachoegemezea simu, anakifuta kwa khanga, polepole, kisha anakirudisha kabatini nyuma kabisa. Ndipo nikaelewa kwamba kesho asubuhi simu inapanda gari na wewe. Nilifikiria kumnunulia yake. Lakini unamjua, kioo cha kugusa kinamtoroka vidoleni, na kila kitu humo kinataka mtu wa kukitafuta. Mimi sijui ulikuwa unavitoa wapi vile vipindi, na mama yako akishika simu inajizima yenyewe. Haikuwa simu tu, ilikuwa ni wewe. Ijumaa na Jumamosi sikulala vizuri.

Leo mlipokwenda kanisani nilisema goti linauma. Halikuwa linauma hata kidogo, Mungu anisamehe. Bibi naye alibaki kwa kuwa miguu yake haiwezi mlima. Nikaenda kwenye banda la mbuzi, nikautoa mlingoti. Ulikuwa umefanywa kizuizi cha mlango, mbuzi wameuguguna upande mmoja. Antena yenyewe ilikuwa darini na viota vya nyigu. Nikainyoosha, nikabadilisha waya. Nilikuwa na wasiwasi mkubwa kwa sababu ng'ambo nao wameingia dijitali kama sisi, siku hizi hakuna chenga, ama inashika ama hupati kitu kabisa. Nimeazima king'amuzi kidogo cha antena kwa fundi mwenzangu wa sokoni. Sikumwambia ni cha nini.

Bibi alikuwa amekaa uani ananitazama. Nilipowasha televisheni nikamwita, nikamwonyesha kwenye kioo ule mstari unaopima mawimbi. Nikamwambia, "Mama, huu mstari ukirefuka niambie, ukifupika niambie." Akauliza, "Yusta yuko wapi wa kupokea?" Nikamwambia Yusta hayupo, tutafanya mimi na wewe.

Basi nikazungusha. Sauti yake haikufika. Nikarudi mlangoni kumwuliza, nikaenda tena nyuma, nikarudi, goti sasa likaanza kuuma kweli, malipo ya uongo. Mara ya nne au ya tano nikasikia kitu, kidogo, "Bado." Nikasimama. Tena, kwa nguvu kidogo, "Bado!" Alikuwa ametoka ndani, amesimama pale mlangoni pako, ameshika fremu kwa mkono mmoja, anageuka kuangalia kioo na kunigeukia mimi. Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata siku ya msiba wa baba, akawa anapiga kelele, "Bado! Umepita! Rudi!"

Na hapo ndipo Mzee Zebedayo akapita, na Biblia yake kwapani, katoka ibada ya kwanza. Nilimwona kwa mbali nikatamani ashike njia nyingine. Hakushika. Alisimama palepale alipokuwa amesimama siku ile, akatazama juu. "Fundi, umerudia antena? Sasa hiyo nayo inaangalia wapi?"

Kwa muda ule mikono yangu ilitaka kuugeuza ule mti. Nakwambia ukweli, iliutaka kabisa. Nikamjibu, "Inaangalia kwao mama yangu, mzee. Anataka kusikia habari za nyumbani."

Unajua alisema nini? Alisema, "Ee, basi ifunge na waya pale chini, upepo wa huku si wa kuaminika." Akaja akanishikia mlingoti nikiukaza. Miaka yote hii, Yusta. Nilibeba maneno ya mtu ambaye hata hakumbuki kama aliyasema.

Tulikuwa bado tunakaza nikagundua Bibi amenyamaza. Nikaita, "Mama, bado?" Nikaita tena. Nikaogopa, nikamwacha Zebedayo ameukumbatia mti nikakimbia, kwa namna ninayoweza. Sikumkuta mlangoni. Nilimkuta sebuleni. Amekitoa kiti chake mlangoni mwenyewe, amekirudisha katikati, amekaa, mikono mapajani. Kwenye kioo kuna mwanamke amevaa kitambaa cha kijani, picha safi, hakuna hata chenga moja, anasoma matangazo kwa Kirundi. Na mama yangu midomo inatembea nyuma yake, mlima kwa mlima.

Nikapiga magoti pale kwenye mkeka, kwa lile goti bovu. Nikasema, "Mama, ile antena sikuishusha kwa sababu ya picha."

Hakuondoa macho kwenye kioo. Akasema, "Nilijua. Siku ile Zebedayo anacheka, mimi nilikuwa hapa mlangoni. Nilikuona ukiigeuza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa mtoto wangu na ulikuwa na aibu. Nikusemeje tena?" Kisha akapapasa mkeka upande wake wa kushoto. "Kaa vizuri, mwana wanje. Unaniziba."

Nikakaa. Tulisikiliza matangazo yote mpaka mwisho, kisha hali ya hewa, kisha kwaya. Yale maneno magumu alinitafsiria yeye, kama ulivyokuwa ukitafsiriwa wewe. Zebedayo tulimsahau nje na mti wake, akaufunga mwenyewe akaondoka zake.

Ndiyo maana mliporudi kutoka kanisani mkakuta chakula hakijainjikwa, na mama yako akanisema, na mimi na Bibi tukawa tunachekea pembeni kama watoto. Ulituangalia ukatabasamu, ukainua macho kuelekea nyuma ya jiko, ukauona mlingoti. Ukaenda kabatini ukakitoa kile kikombe, ukammiminia Bibi chai ndani yake. Nilikuona.

Huko uendako, ukiingia kwenye nyumba ya watu, omba maji ya kunywa kwanza. Kaa chini, kunywa taratibu. Angalia nani anakaa katikati, na nani kiti chake kimefika mlangoni. Baada ya hapo utajua mwenyewe kama ni dishi, ni antena au ni simu, na wakati mwingine utajua kwamba hawahitaji chochote unachouza, uwaage vizuri uondoke. Mwenye duka atakasirika. Mpe namba yangu.

Nasikia pikipiki inakata kona, nadhani ni wewe. Nina dakika chache za kuficha barua hii na kuufanya uso wangu uwe wa mtu aliyekuwa anachomea waya.

Kesho usitulilie kituoni, mama yako atatosha kwa wote. Nenda ukafanye kazi, panda mabati yao, wasikie hiyo sauti. Jioni nitakuwa sebuleni na mama yangu, upande wake wa kushoto. Pale kwenye mkeka ni pako. Mimi nimekushikia tu.

Baba yako